Nilitaka kuhamia full frame kwa ajili ya "moshi", hadi bibi mmoja akadhani macho yake yamekufa

Wakuu, salamu kutoka Baraka, huku Fizi, Kivu ya Kusini. Kwa muda mrefu nimekuwa nasoma tu jukwaa hili la picha bila kuandika. Leo naandika, na sitaruka sehemu inayoniaibisha, kwa sababu ndiyo sehemu yenye maana.

Mimi ni mpiga picha niliyejifundisha mwenyewe. Nilijifunza kwa video za mtandaoni, nikizipakua asubuhi network ikiwa nzuri na kuzirudia mpaka naota maneno ya wale jamaa.

Nina kamera ya crop, yaani yenye sensa ndogo, na lensi mbili: 18-55 iliyokuja nayo, na zoom moja ndefu ambayo ring yake inakwama ukiwa na haraka.

Ugonjwa wangu ni kutoridhika. Mteja akifurahia picha, mimi nabaki nayo kwenye laptop, naikuza mpaka naona kope moja moja, nahesabu makosa. Kuna familia moja ya Mboko ilisubiri picha zake mpaka mtoto wa kwenye picha akaanza kutembea. Natania, lakini si sana.

Sasa, kila video niliyotazama ilisema jambo moja: ukitaka kuwa serious, nenda full frame, zile kamera za sensa kubwa. Mwanga hafifu, full frame. Ile background inayoyeyuka nyuma ya mtu, full frame.

Hiyo background ndiyo ilinikosesha raha. Picha zangu kila kitu kinaonekana: mtu, ukuta, beseni la jirani. Nikaamini kwamba kilichosimama kati yangu na picha nzuri ni sensa.

Kuna kaka mmoja wa Uvira, Amisi, amenitangulia miaka mingi katika kazi hii. Alikuwa na full frame moja na lensi moja ya 50mm isiyo na zoom, naye alitaka kitu chepesi cha kusafiria. Tukazungumza kubadilishana: mimi nimpe kamera yangu na lensi zote mbili, yeye anipe ile yake na hiyo 50 peke yake.

"Petit, kaa nayo wiki moja," akaniambia, maana huniita petit, mdogo wake. "Ikikukamata roho, tutabadilishana. Isipokukamata, urudishe."

Ilinikamata roho siku ya kwanza.

Jumamosi ya wiki hiyo nilikuwa na kazi: dote ya dada mmoja anaitwa Mapendo. Dote kwetu ni ile siku familia ya mwanaume inakuja kutoa mahari, bamama wote wamevaa pagne, yaani vitenge, za aina moja, ngoma, kelele, soda.

Mapendo alilelewa na koko yake, yaani bibi yake, kule Kazimia. Koko alikuja kwa boti kwa ajili ya siku hiyo tu. Mapendo alikuwa amenieleza mapema kwamba picha zao za zamani zote zilipotea wakati wa kuhamahama. Hawana hata moja ya wao wawili.

Katika familia yao kuna picha moja ambayo lazima ipigwe. Binti anaketi, na yule aliyemlea anasimama nyuma yake, mkono begani. Binti akishanyanyuka kwenye kile kiti, basi, amekwisha kutolewa. Hakai tena.

Nilijua haya yote. Niliambiwa. Naomba mkumbuke hilo.

Nikafungua lensi mpaka mwisho, 1.8, pale background inapoyeyuka kabisa. Nikaweka focus kwenye jicho la Mapendo. Nikapiga, nikakuza kwenye screen: kope safi, poda safi, hereni inang'aa. Nikapiga tano zaidi, zote kwa jicho lile lile. Mapendo akanyanyuka.

Sikusogeza screen juu hata kidogo kuangalia uso wa pili.

Jumapili mchana walikuja studio kwangu, Mapendo na koko. Nikawafungulia ile picha kubwa, nikarudi nyuma nisubiri sifa.

Koko akasogeza uso karibu na laptop. Akarudi nyuma. Akafuta macho kwa ncha ya pagne, akatazama tena. Halafu akacheka.

"Mi niliwaza macho yangu njo ilikufa," akasema. "Kumbe ni ya kamera."

Mapendo hakucheka. "Kaka, hii moshi ni ya nini? Umemutia koko moshi kwa uso."

Nikaanza kueleza. Nikasema ndiyo style ya kisasa, nikasema full frame. Akaniuliza, kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliniua: "Full iko wapi? Mbona niko miye peke yangu?"

Nilifungua zile tano nyingine mbele yao nikitumaini. Zote zilikuwa na mkono safi begani, kila mkunjo wa kidole unauhesabu, na juu yake uso wa ukungu.

Nikaomba radhi. Nikauliza koko anaondoka lini.

"Kesho asubuhi," Mapendo akasema.

Jumatatu nilifika bandarini kabla yao, na kamera yangu ya crop. Sikutaka kuigusa ile nyingine. Nikaomba kiti cha plastiki kwa mama anayeuza beignets, yale maandazi, nikakiweka mahali penye kivuli. Mapendo alikuja amevaa tena pagne yake ya Jumamosi, bila mtu kumwambia. Koko alikuwa na sweta ya safari juu ya yake.

Mapendo akaketi; koko akasimama nyuma ya kiti, akaweka mkono, akanitazama. "Leo usinitie moshi. Mi siko samaki."

Watu waliokuwa wakipakia mizigo walicheka wote. Mapendo naye akacheka, ndipo nilipopiga.

Picha hiyo ina boti nyuma, ina magunia, ina mtu anapiga miayo. Kila kitu kinaonekana. Na nyuso mbili zinacheka, zote safi. Niliichapisha kwa ukubwa wa kutundika ukutani, nikampa Mapendo.

Lakini niseme ukweli: si picha ya siku ile. Ile haipo na haitakuwepo. Hilo bado linaniuma.

Amisi nilipomrudishia alisikiliza yote, akatikisa kichwa. "Kamera haina kosa, petit. We njo ulifungua lensi mupaka mwisho."

Yuko sahihi. Ningefunga mpaka f/8, koko angeonekana vizuri, na pengine kwa rangi nzuri kuliko za crop. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayesema full frame ni mbaya. Bado naitamani.

Nilikataa kubadilishana kwa sababu kazi yangu mimi ni familia, kwenye vyumba vidogo, mgongo wangu ukiwa umegusa ukuta. Kwa 50 peke yake ningekata watu nusu. Na kwa sababu niligundua nilikuwa nataka picha za kuwafurahisha wale jamaa wa kwenye video, ambao hawatakuja kukaa kwenye kiti changu hata siku moja.

Siku hizi kabla mteja hajanyanyuka nasogeza screen uso kwa uso, wote, mpaka wa mwisho kule nyuma. Ndiyo somo nililopata.

Mliohama kutoka crop, niambieni ni kazi gani hasa iliwalazimu. Na huko kwenu, wateja wanauitaje huo moshi?