Boya Moja Halijarudi

Aibu hii nimeipata kwa sababu ya Mgaya, mwalimu wa kwaya yetu ya Lyamkena, na ninamtaja kabisa asije akajificha. Kwaya ilikwenda Dar es Salaam kushinda siku nzima kwenye boti. Mimi mto Ruhuji ulishanibeba nikiwa msichana, nikanusurika, kwa hiyo maji na mimi hatusalimiani. Nikavaa boya nililopewa, nikakaza kamba zote. Mgaya akaniambia, “Mama, upepo wa bahari unaleta homa. Vaa koti lako juu.” Nikalivaa lile zito la baridi ya kwetu, vifungo hadi shingoni, nikafumba macho safari nzima.

Tuliposhuka, baharia alikusanya maboya, kisha akapiga kelele, “Moja halijarudi! Jamani, kuna mtu kaanguka!”

Nani alilia kunishinda? Nilipiga magoti palepale gatini nikamwombea marehemu, kwaya ikiitikia, boti ikigeuza kwenda kumtafuta. Jasho likanizidi, nikafungua koti nipumue.

Kwaya nzima ikanikodolea macho kifuani.

“Irudisheni boti,” Mgaya akasema. “Marehemu ndiye anayeongoza sala.”