Ruba Hali Marashi

Mtaani wanamwita Mama Ruba, naye huitika. Anafuga ruba hospitalini, kwenye mitungi ya maji. Kidole kilichokatika kikishonwa, damu hutuama ndani kikawa cheusi. Ruba mmoja akiinyonya, kidole hupona.

Jana muuguzi mkuu mpya alimkuta akihudumia kidole cha fundi seremala. Akakunja uso, akakiosha kidole kile kwa sabuni yake ya manukato. Ruba alipowekwa akakigusa, akajikunja, akagoma.

"Umeona, mama? Wadudu wako hawana kazi. Kesho nawamwaga."

Mama Ruba alikisuuza kidole kwa maji matupu mara tatu, akamrudisha ruba. Ruba akauma papo hapo.

"Anafanya kazi. Hali marashi tu," akasema. "Na hujafa hujaumbika, mwanangu. Vidole unavyo kumi, vyote vinakatika."

Kisha akapandisha sketi hadi gotini. Mguu mzima ulijaa makovu madogo ya pembe tatu.

"Hawa wote nimewavua bwawani, chambo ni mguu huu. Miaka kumi na tisa. Wewe hospitali hii umeitolea tone gani?"