Routa Iliyokaa Chumbani kwa Baba Mkwe

Saa nne asubuhi, Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime. Waisiko Nyangwine anatembea kinyumenyume uani kwa Mzee Machage, simu ameinyanyua usawa wa macho, akitazama vijistari vya mtandao vinavyopungua kadiri anavyolisogelea zizi. Nusura amkanyage kuku.

"Mwanangu, unapiga picha ng'ombe wangu au unatafuta mtandao?" anauliza Mzee Machage kutoka kwenye kiti chake mbele ya mlango.

"Ng'ombe wako wazuri, tata," anajibu Waisiko, akimwita baba kwa Kikurya, "ila leo natafuta mtandao."

"Huo uliouweka wewe?"

"Huo huo."

Waisiko habishi. Wiki mbili zilizopita alipanda bati la nyumba hii, akafunga antena, akaielekeza kwenye mnara, akashusha waya na kuunganisha routa. Aliondoka mtandao ukienda kasi. Sasa ameitwa arudi, na hakuitwa kwa maneno matamu. Joram, mwana wa mzee, alimwambia kwenye simu kwamba routa yake imeoza.

Anayeumia zaidi ni Eunice, mke wa Joram. Kambi moja ya wageni karibu na geti la Ikoma, la kuingilia mbugani, inatafuta mtu wa kupokea maombi ya vyumba kupitia mtandao, akifanyia kazi nyumbani kwake. Eunice aliomba. Juzi alipokuwa akisailiwa kwa video, picha iliganda, sauti ikapotea, kisha yeye mwenyewe akapotea. Wamempa nafasi nyingine leo, saa nane mchana.

"Wamesema nikipotea tena, wanampigia anayefuata," anasema Eunice. "Hawakunitukana. Waliongea kwa upole kabisa, na ndiyo maana naogopa."

Anasema hayo akiwa amesimama nyuma ya tanki la maji, mgongo kwa mzee. Si kwamba wamegombana. Katika mji wa Wakurya kama huu, yaani boma la familia, mke wa mwana na baba mkwe hupishana. Hawakai pamoja, hawatazamani usoni, na chumbani kwa mzee Eunice hakanyagi hata nyumba iwe inaungua.

Na chumbani kwa mzee ndiko Waisiko alikoifunga routa.

"Mimi Mkurya, nimeolewa, na baba mkwe ninaye," anasema Waisiko, akitikisa kichwa. "Najua kila kitu. Lakini siku ile nilipanda bati nikiwaza mnara. Sikuwaza mkwe."

Waisiko ana miaka thelathini na mitatu na watoto watatu. Amekulia Nyangoto, kijiji kilicho jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu, ambako vijana wengi wa rika lake walishika sururu. Yeye alisoma stashahada ya teknolojia ya habari, akarudi Tarime, akakaa bila kazi, kisha akapata meza kwenye duka la kutengeneza simu la Hamidu Shamsudin, mjini.

"Alikuja kuomba meza, hakuja kuomba kazi," anakumbuka Hamidu. "Nikamwambia dada, hapa wateja wana maneno. Akaniambia, na mimi ninayo."

Watu walipoanza kuunganisha intaneti majumbani, Hamidu aliogopa kupanda juu ya nyumba. Waisiko alivaa suruali chini ya kitenge, akaazima ngazi, akapanda. Kwa nyumba moja hutoza shilingi elfu arobaini, mbali na vifaa. Mwezi mzuri hupata nyumba kumi. Mwezi wa mvua hupata mbili, tena zenye kuvuja.

Je, wanaume hawasemi kitu wakimwona juu?

"Wanasema. Mmoja aliniuliza kama mume wangu anajua nilipo. Nikamwambia anajua, yeye ndiye ameshika ngazi. Bati linajua uzito tu, halijui sketi."

Uani kwa Mzee Machage, Waisiko ameacha kutembea. Ameona waya asioufahamu. Unatoka dirishani kwa mzee, unapita chini ya kamba ya nguo na kuingia nyumbani kwa Joram.

"Huu waya wa nani?"

Joram anajikuna shingo. "Wangu."

"Mwisho wake kuna nini?"

"Kuna routa. Niliinunua Sirari. Ni nzuri kuliko yako, ina antena nne."

Polepole habari yote inatoka. Umeme ukikatika na kurudi, routa ya chumbani wakati mwingine huganda hadi izimwe na kuwashwa upya. Mzee akiwa mnadani, mlango una kufuli. Akiwepo, Eunice hawezi kuingia, wala hawezi kumwendea baba mkwe kumwomba azime kitu chumbani mwake. Husubiri mpaka mama mkwe arudi kutoka shambani. Joram alipochoka kuona mkewe akisubiri, alinunua routa yake, akaiunganisha na ya baba bila kumwambia mtu. Tangu siku hiyo mtandao umekuwa wa kubahatisha. Simu hii inakamata, ile inaandika kwamba imeunganishwa lakini haina intaneti.

"Mura, wewe kijana, kwa nini hukunipigia?" anauliza Waisiko.

"Niliona ni waya tu. Unachomeka huku, unachomeka kule."

Mzee Machage amesimama. Hakujua kwamba kuna routa ya pili. "Kwa hiyo kijana ameweka yake juu ya yangu?"

Hapo pangeweza kuzuka ugomvi. Joram anaanza kusema yake ni mpya, mzee anasema yake ndiyo ya kwanza. Waisiko anaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, katikati yao.

"Tata, siku ya kuchinja, katika mji huu nani anagawa nyama?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Joram naye akishika kisu upande wa pili, akaanza kugawa bila kukuuliza?"

"Patakuwa na vurugu. Paja moja litaahidiwa watu wawili."

"Ndicho kinachotokea hapa. Kila simu ikiingia kwenye mtandao inapewa namba yake, kama mtu na fungu lake. Anayegawa ni routa. Ninyi mna routa mbili, zote zinagawa, hazijuani. Simu ya Eunice imepewa namba ambayo simu ya mama imeshapewa. Paja moja, watu wawili. Zaidi ya hapo, routa zenyewe mbili zina namba moja. Ni kama nyote wawili mnaitikia mkiitwa Machage."

Mzee anacheka kwanza. Joram anafuata, kwa kuchelewa kidogo.

"Basi mgawaji awe mmoja," anasema mzee.

"Awe mmoja. Swali ni akae wapi."

Waisiko anajua jibu analolitaka, lakini nyumba si yake. Routa kuu ikibaki chumbani kwa mzee, mtandao utatulia, ila siku ikiganda Eunice atasubiri nje kama zamani. Ikihamia kwa Joram, mzee atakuwa anapokea kutoka kwa mwanawe. Saa inakimbia kuelekea nane.

Mzee anatazama tanki la maji, si mtu aliye nyuma yake.

"Mwambieni mama wa nyumba ile," anasema kwa sauti ya kusikika vizuri, "mgawaji atakaa kwake. Anayefanya kazi ndiye akae na kisu." Kisha anamgeukia fundi. "Lakini fungu langu litanifikia?"

"Litakufikia, tata. Na jina la mtandao litabaki Machage."

"Hilo nilikuwa nakuja kulisema."

Kazi inaanza. Waisiko anapanda juu na kuvuta waya mpya kutoka kwenye antena, akiupitisha ndani ya bomba la plastiki hadi kwenye routa ya Joram, ukutani mwa sebule yake, mbali na jokofu. Waya aliouweka Joram hauondoi. Ulikuwa unatoka kwa mzee kwenda kwa mwana, sasa utapeleka mtandao kwa mzee.

Sehemu inayobaki anaifanya kwenye simu, ameketi kwenye ngazi ya mlango. Anaingia kwenye mipangilio ya routa ya mzee, anaipa namba nyingine, anaizima kazi ya kugawa. Waya anauchomeka kwenye mojawapo ya matundu ya njano badala ya lile la buluu, kwa sababu la buluu lingeifanya routa ijione tena kuwa ni mkuu. Anabadilisha paswedi zilizoandikwa kiwandani chini ya kila routa.

"Hizi watu huziacha hivyo hivyo," anasema. "Ni kununua kufuli na kuacha ufunguo ukining'inia mlangoni."

Robo saa kabla ya saa nane, Eunice ameshakaa mezani, kilemba kimenyooka, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Umeme unakatika.

Joram anatoka nje kutazama nyumba za jirani kama vile anaweza kuzilazimisha ziwake. Dakika chache baadaye jokofu linanguruma, umeme umerudi. Taa ya routa inawaka nyekundu, na inabaki nyekundu. Imeganda.

Waisiko anaweka mikono nyuma ya mgongo. "Ni yako," anamwambia Eunice.

Eunice anainuka. Anazima swichi ya ukutani, anasubiri kama alivyoelekezwa, anawasha. Taa zinapepesa moja baada ya nyingine. Nyekundu inageuka kijani. Anarudi kuketi, anavuta kilemba, na saa nane simu inaita.

Mlango unafungwa. Nje, mzee amekaa kwenye kiti chake, anajifanya anasikiliza redio, lakini ameizima.

Saa tisa kasoro mlango unafunguka. Eunice anapita mpaka kwenye tanki la maji, anageuza mgongo. "Mama, mwambie baba," anamwambia mama mkwe aliyerudi kutoka shambani, ingawa baba mwenyewe yuko hatua chache tu na anasikia vizuri, "naanza Jumatatu."

"Nimesikia," anasema mzee, akitazama ng'ombe. Anaiwasha redio.

Waisiko anakusanya drili na koleo. Leo hatozi chochote isipokuwa gharama ya waya. Kosa la kuweka routa pale lilikuwa lake, anasema, na hataki lizungumzwe mara mbili. Analotaka kulizungumzia ni Ikoma. Kambi ile ile ina nyumba za wafanyakazi zisizo na mtandao, na Eunice ameshawatajia jina lake. Waisiko akiipata kazi hiyo atanunua ngazi yake mwenyewe, aache kuazima, na amchukue binti mmoja wa pale Turwa amfundishe.

"La kwanza nitakalomfundisha si waya. Ni kuuliza. Kabla hujatoboa ukuta, uliza chumba hiki nani haingii."

Kutoka ndani, alikoingia na redio yake, inasikika sauti ya Mzee Machage: "Fundi! Huku kwangu fungu linachelewa!"

Waisiko anavua viatu na kuingia. Routa ya mzee iko juu ya sanduku la bati, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua, na juu ya kitambaa kuna redio.

"Vumbi, mwanangu," anajitetea mzee.

Waisiko anatoka akiwa na kitambaa mkononi, anacheka mpaka anaegemea mlango.

"Huko Ikoma," anasema, "nitauliza na vitambaa."