Chupa Iliyofukizwa Ubani

Menza Thoya alikuwa mpimaji wa maji. Miaka ile ya themanini, kila Jumanne alitoka Kilifi na sanduku la mbao lililojaa chupa, akazunguka visimani mpaka Mambrui. Uchafu wa kuonekana kwa macho haukumhusu sana. Yeye alitafuta chumvi zilizoyeyuka, zisizo na rangi wala harufu. Watu walimwonyesha maji meupe kama kioo, wakamuuliza anatafuta nini tena. Naye alicheka kwa mabega tu. Kwao Ganze mamake alizika watoto wawili kabla hawajatambaa, na hilo hakumwambia mtu.

Siku moja nesi wa zahanati alimtuma mtaa wa Shella, kwa mjane aitwaye Bi Mastura. Bintiye, Nana, maziwa yalikuwa yamemkauka, na mtoto wake Amin, wa miezi miwili, alilelewa kwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima cha uani. Midomo ya mtoto ilikuwa ikigeuka rangi ya samawati. Menza alimwachia Bi Mastura chupa, akamwambia aijaze alfajiri, kabla majirani hawajakitibua kisima, kisha aitume Kilifi.

Chupa ilifika. Menza alipoifungua, chumba kizima kilinukia ubani. Wenzake waliuliza kama kisima kile kimeoa. Kumbe Bi Mastura aliifukiza kwanza juu ya chetezo, kama alivyofukiza kila mtungi wa maji ya kunywa nyumbani kwake. Angempelekaje mgeni maji katika chupa isiyonukia?

Maji yaliyoingia moshi hayaaminiki. Menza hakungoja Jumanne. Kesho yake alikuwa Shella.

Bi Mastura aliposikia, alijiziba mdomo kwa leso. "Nimekuharibia kazi, mwanangu."

"Hujaharibu, mama. Maji yale ningepewa ninywe, ningemaliza chupa. Lakini ya kupima tunayataka kama yalivyotoka ardhini."

Safari hii aliyateka mwenyewe, akayapimia palepale uani. Alitia unga kidogo wa dawa ya kupimia katika kichupa chembamba, akatikisa. Bi Mastura alisimama karibu, macho hayapepesi. Maji yakawa na rangi ya waridi, yakakolea, yakawa mekundu. Menza aliyalinganisha na kadi yake ya rangi. Yalikuwa yameipita rangi ya mwisho.

"Lakini mimi huyachemsha," alisema Bi Mastura. "Huyachemsha mpaka yakabaki nusu sufuria."

Hapo ndipo Menza alipoumia. Ilimbidi amweleze polepole kwamba chumvi hii ilipenya udongoni kutoka shimo la choo, na moto hauiui. Maji yakipungua, chumvi inabaki, ikazidi nguvu. Mtu mzima huistahimili. Damu ya mtoto mchanga haiwezi.

Bi Mastura alikaa kizingitini. "Basi ni mkono wangu."

Menza alichutama mbele yake. "Mkono wako ndio uliomfikisha zahanati, mama," akasema. "Wengine hungoja mpaka wakachelewa. Leo hii apelekwe hospitali, na maji yake yawe ya bomba."

Bi Mastura hakulia. Aliinuka, akaimwaga chupa ya chai iliyohifadhi maji ya mtoto, akamwita Nana avae buibui.

Baada ya wiki mbili Menza alipita mtaa ule, ingawa hakuwa na kisima cha kupima huko. Majirani walimwambia kwamba Bi Mastura alikuwa amebisha kila nyumba yenye mtoto mchanga, akiwaeleza wenyewe kosa lake bila kuficha. Menza alipokaribia mlango wa Bi Mastura alisikia kilio cha mtoto, kilio kizima, cha njaa na hasira, na sauti ya bibi ikimbembeleza: "Ngoja baba, ngoja. Maji yapoe."

Menza hakupiga hodi. Alisimama akasikiliza mpaka kilio kikanyamaza, kikafuata kimya cha mtoto anayenyonya chupa.