Kona ya Kushoto ya Solange

Solange Perrachon aliwasafishia wataalamu wa nyota picha zao kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuchungulia kwenye darubini. Darubini yenyewe iko Chile, juu ya mlima mkavu. Yeye alikuwa Ufaransa, katika kituo cha elimu ya nyota kilimani Saint-Genis, nje kidogo ya Lyon, na kazi yake aliifanya mchana, kahawa ikipoa pembeni. Aliingia pale kama mpiga chapa. Mhandisi mmoja mzee, Mungu amrehemu, aliona ana jicho lililotulia, akamfundisha.

Anga si jeusi kabisa. Lina mng'ao wake, nao huingia katika kila picha kama vumbi linavyoingia kabatini. Basi unachagua kipande kitupu, kisicho na nyota wala galaksi, unapima mng'ao wake, kisha unautoa katika picha nzima. Solange alizoea kukichukua kipande hicho kwenye kona ya juu kushoto. Kona ile haikuwahi kumsumbua.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu astaafu. Mwanafunzi Maëlys Courtadon, aliyekuwa akiandika tasnifu ya udaktari, alikuwa ametafuta kwa miaka minne wingu katikati ya galaksi saba za mbali mno: gesi iliyopigwa na mwanga mkali hata chembe zake zikapokonywa elektroni, ikabaki inang'aa. Picha iliyosafishwa na Solange ilionyesha galaksi saba zilizojibanza upande wa kushoto, na giza tu kati yake. Mkuu wao, Bwana Thévenoux, alimwambia binti aandike kwamba hakuna kitu, akabidhi kazi Ijumaa. Saa ya chakula Maëlys aliuacha mkate wake bila kuugusa, akasema atarudi kwao kuuza miwani dukani kwa mjomba.

Mchana ule Solange alikuwa akifuta mafaili yake. Akaipitia picha ile mara ya mwisho, akaona giza la upande wa kulia limeshuka chini ya sifuri. Akaweka kikombe chini. Giza haliwezi kuwa na mwanga pungufu ya sifuri; ni kama kuondoa chumvi kwenye supu ambayo hukuitia chumvi. Alikuwa ametoa kupita kiasi. Maana yake kona yake haikuwa tupu. Wingu lilikuwa kubwa hata likaifikia, naye akalipima akidhani ni anga, akalifuta lote.

Hakuna ambaye angejua. Keki ya kumuaga ilikwisha kuagizwa. Solange alikaa mikono mapajani, akamwomba Mungu amwinue kitini. Kisha akaenda kugonga mlango wa mkuu, Maëlys naye akiwa humo.

"Nimemharibia mtoto kazi yake," alisema.

Bwana Thévenoux alimsikiliza hadi mwisho. "Solange, kichwa kimestaafu kabla ya miguu?"

"Kimestaafu zamani, Bwana. Leo ndiyo kimerudi kuchukua koti lake."

Maëlys hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo kama picha inaweza kusafishwa upya. Solange akamjibu kwamba inaweza, wakichukua anga kutoka picha nyingine iliyopigwa usiku uleule pembeni, mbali na kundi lile. Mkuu akawapa mpaka Alhamisi.

Kompyuta ilisaga siku moja na nusu. Alhamisi saa nne asubuhi wakasimama watatu mbele ya kioo. Kati ya galaksi zote saba palikuwa na utando wa mwanga, kama maziwa yaliyomwagika mezani na kuzunguka vikombe, mkubwa hata mwanga wenyewe huchukua zaidi ya miaka laki tatu kuukatiza. Ulipita hadi kwenye kona ya kushoto.

"Madam Solange," Maëlys alisema. Akamshika mkono, na mkono ule haukuachwa kwa muda.

Tarehe nane Desemba, kama nyumba zote za Lyon, Solange alipanga mishumaa dirishani kumshukuru Bikira Maria. Maëlys, ambaye hasali, alikuja kumsaidia kuwasha. Solange alishukuru kwa jambo moja tu: kwamba kosa lilimkuta bado ana ufunguo wa ofisi.

Keki ilipokatwa, mkuu alimuuliza anataka zawadi gani. Akaomba picha zake za zamani, zote alizozisafisha kwa kona ile, azikague upya.

"Hizo ni mia nne, mama."

"Basi nitakuja Jumanne."

Anakuja kila Jumanne hadi leo. Amefika picha ya sitini na tatu. Hajaona wingu jingine, na kila picha akiifunga, anashukuru kwamba kona ile ilikuwa tupu kweli.