Sahani ya Baba Neema

Mdomo wangu utaniua. Jana kliniki hapa Puge nilimfokea nesi mbele ya foleni nzima.

"Maharage yenu ya kuongeza damu ni uongo! Nimeyapanda, nimeyapika, damu haipandi!"

"Unayala, mama?"

"Nakunywa mchuzi. Maharage yenyewe namwekea Baba Neema, si ndiye mwenye nyumba?"

"Anayamaliza?"

"Anachelewa kurudi," nikajibu kwa kiburi, mjinga mimi. "Asubuhi nawamwagia kuku."

Jirani yangu akaangua kicheko. "Ndiyo maana kuku wako wamenona! Shoga, Baba Neema si aliondoka kabla ya mavuno ya mwaka jana?"

Foleni ikacheka, kisha ikanyamaza ghafla. Afadhali wangeendelea kucheka.