Georgette na Mashine Zilizokataa Kutambuana

Saa nne asubuhi, mjini Baraka, Georgette Wilondja amepiga magoti mbele ya kompyuta tano zinazovuma. Zote zinawaka, lakini tatu hazizitambui mbili nyingine.

Nje, Haruna Ramazani, msambazaji wa dawa za maji, ameshapakia klorini kwenye lori. Kipindupindu kimezuka na hajui aanzie Nundu au Mboko. Jibu limo ndani ya mashine hizo zilizounganishwa kufanya kazi kama moja, zikikusanya ripoti za wagonjwa kutoka vituo vya afya vya kando ya ziwa.

"Mama Georgette, tufute yote, tuanze upya?" anauliza Haruna kutoka mlangoni.

"Hapana, papa. Tukifuta, habari ya bagonjwa itapotea yote."

Umeme wa sola ulikatika jana, na tangu uliporudi mashine hazielewani. Georgette, aliyejifunza ufundi huu Bukavu huku akiuza samaki wadogo wa ndagala, anakagua nyaya. Ni nzima. Anatazama kama diski zimejaa. Nafasi ipo tele.

Anaanza kusoma ujumbe wa hitilafu, mstari kwa mstari. Ghafla anasimama.

"Papa Haruna, njoo uone. Hizi mbili ziko zinaandika tarehe ya jana."

Betri ndogo za saa za ndani zimekufa. Mashine hizo mbili zimebaki nyuma, na vibali vyao vya kuingia vinaonekana vimepitwa na wakati.

"Ni kama muntu analeta jeton ya jana kwa barrière," anaeleza, akimaanisha risiti ya ushuru kwenye kizuizi cha barabarani. "Hapiti."

Anasawazisha saa, anaziwasha upya. Kwenye skrini, idadi ya mafaili yasiyopatikana inaanza kushuka: mia nne, kisha sitini, kisha tisa. Georgette amejishika kifua. Sifuri.

Ramani ya wagonjwa inafunguka, na Mboko imeiva kwa wekundu. Haruna anakimbilia lori bila hata kuaga.

Alasiri simu inalia. Ni Dorothée, muuguzi wa Mboko: klorini imefika, na akina mama wanajipanga na ndoo zao.

"Nilitaka kuruka kama mutoto," anasema Georgette akishakata simu, macho yakimng'aa.

Betri mpya ameshaagiza Uvira. Lakini ndoto yake ni kubwa zaidi: mashine nyingine zikae Fizi, zikihifadhi nakala ya kila ripoti, na mabinti wa huko wafundishwe kuzitunza.

"Baraka ikizimika, Fizi ijibu," anasema. "Lori lisingojee tena mi nitafute kosa."